Akteri ni sawa mucheza mupira? Uongo yenye tunasikiaka Lubumbashi, na ukweli yake

Huku kwetu Lubumbashi anzisha habari ya teatre fasi yoyote, ku komini ya Kenya, ya Katuba, ya Kamalondo, kisha dakika kidogo mutu atakuwa ameshairudisha ku mupira. Siyo ajabu, ni muji yenye iko na Mazembe na Lupopo, ekipe mbili zenye zilizaliwa mwaka moja, 1939. Kwa hiyo hii ulizo ya kama kuigiza inaweza kulinganishwa na mashindano ya michezo inarudiaka kila mara, na bale ya ndiyo na bale ya hapana bote banakuwaka na uongo kidogo ndani ya maneno yao. Tuyapitie, bila mupangilio sana.

"Mupira iko na matokeo, teatre ni maoni ya batu tu"

Hii inasemwaka na sauti ya mutu mwenye anafunga mazungumuzo. Bao ni bao, teatre kila mutu na yake. Sawa, ku mbio saa inasema, ku mupira wavu inasema, lakini michezo haiko paka mbio na mupira. Jimnastiki ni majaji. Nadia Comăneci kule Montréal mwaka 1976 alipata 10 kamili na ile mashine ya pointi ikaandika 1.00 juu haikutengenezwa kwa kuonyesha 10, na ile 10 haikutoka ku saa, ilitoka ndani ya macho ya batu benye balikuwa bamekaa ku meza. Kuteleza ku barafu ni vile vile: Salt Lake City 2002 zahabu ya wawili-wawili ilienda kwa Barusi, kelele ikawa mingi juu ya jaji moja Mufaransa mwenye alisema alisukumwa, mwishowe Bakanada nao bakapewa zahabu yao, na kisha namna yote ya kuhesabu pointi ikabadilishwa. Ngumi ni ile ile kama hakuna mwenye ameanguka. Ali na Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974, majaji habakupata kazi juu Foreman alilala chini ku raundi ya 8, lakini ingefika ya 15 mpaka leo tungekuwa tunabishana ku baa.

Na mwenye anasema teatre haijawahi kuwa na mushindi, Bagiriki ya zamani batamucheka. Athens, ku sikukuu ya mungu yao Dionysus, kuigiza ilikuwa mashindano kabisa, waandishi batatu ya tragedia banapita moja kisha mwingine, na majaji kumi benye bamechaguliwa kwa bahati nasibu ili mutu asijue mapema nani wa kuhonga (hawa batu balijua dunia). Kuanzia 449 K.K. bakaongeza zawadi ya akteri mwenyewe, maana yake akteri alikuwa anaweza kushinda hata kama muchezo yenye alicheza imeshindwa. Na usifikiri bale majaji balikuwa banaona muzuri kushinda ba leo. Sophocles, na muchezo yake ya mufalme Oedipus yenye masomo ya dunia nzima inafundisha mpaka sasa, alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mutu moja Philocles, mwenye leo hakuna anayemusoma juu hakuna hata muchezo moja yake yenye ilibakia.

Kwa hiyo kama unatafuta tofauti kati ya akteri na mwanamichezo, usiitafute ku majaji, haiko pale.

"Akteri hachokake"

Uongo, na haistahili mistari mingi. Broadway, ku teatre kubwa za New York, akteri anacheza mara 8 kwa juma, siku zingine mara mbili kwa siku, na kilio ya saa mbili usiku inapashwa kuwa sawa na ya saa nane ya mchana. Kule Urusi miaka ya 1920 Meyerhold, mwenye kuongoza teatre, alikuwa anafundisha ba akteri yake mazoezi ya mwili sawa ya jeshi, kuruka, kubeba mwenzako ku bega, kutupa jiwe yenye haiko. Mwenye bado ana mashaka ajaribu kusema kwa sauti saa moja na nusu ku kiwanja wazi, bila mikro, pikipiki zinapita ku barabara, halafu aniambie kama hakutoka jasho.

"Jukwaani batu banashindana, kila moja anataka kumeza mwenzake"

Hii njo inanikasirisha zaidi. Unaionaka kwa vijana benye banaanza: mutu anaingia ku sine na roho ya derbi, anapaza sauti juu ya mwenzake, anasimama mbele yake, anaongeza kichekesho yenye hawakupatana, publiki inacheka, anarudi nyuma ya pazia anafurahi ati "nimewamaliza". Umemaliza nani? Mwenye umemaliza njo ule mwenye alikuwa anakubebea sine.

Ku mupira adui iko pale kwa kukuzuia, njo kazi yake, na bila yeye hakuna mechi. Ukipita beki ukafunga, uzuri ya lile bao inatoka ku nguvu yenye beki aliweka kwa kukukatalia. Jukwaani mwenye munasimama naye uso kwa uso hata kama ndani ya habari ni adui yako ya kufa, yeye njo anakupa kila kitu. Akikuzuia kweli, hakuna muchezo tena, kuna batu mbili benye banagombana mbele ya batu benye balilipa.

Angalia mapigano yenyewe, juu pale njo inaonekana muzuri. Ku ngumi mwenye kupiga njo bwana na mwenye kupigwa anajikinga. Ku teatre ni kinyume kabisa. Ukiona mutu anakokotwa kwa nywele jukwaani, mwenye anakokota hatie nguvu yoyote, ameweka tu ngumi yake juu ya kichwa ya mwenzake. Ni mwenye anakokotwa njo ameshika ile mukono na mikono yake mbili, ameikaza ku kichwa yake, na anaenda mwenyewe fasi yenye balipatana huku anapiga kelele. Kunyongwa ni vile vile. Kofi, mara mingi mwenye anapigwa njo anatoa ile sauti ya "pa!" kwa mikono yake fasi yenye publiki haioni. Yaani mwenye anaonekana anashindwa njo mwenye usukani. Weka pale mutu mwenye anataka kushinda kweli, utapeleka mutu hospitali.

Na bakubwa ya hii muji balijua ile bila kusoma Meyerhold. Kundi ya teatre ya Mufwankolo, yenye bazazi betu balisikiaka ku radio na kuona ku televisheni kwa hii Kiswahili yetu, haikuwa na karatasi ya maneno ya kushika kwa kichwa. Balikuwa banapatana juu ya habari, nani anaingia wakati gani, nani anatoka, kisha kila mutu anajitafutia maneno. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuata kazi yao na kurekodi mazoezi yao, batu benye bana mezali moja tu mikononi na banaitengenezea muchezo muzima. Sasa fikiri hali yenyewe: hakuna karatasi, mwenzako anasema kitu yenye hukungojea, uko na njia mbili, kumusikiliza na kujibu ile yenye amesema, ao kumupita na kusema yako yenye ulitayarisha ku nyumba. Mucheza mupira mwenye anapokonya ni shujaa, batamubeba ku mabega. Akteri mwenye anapokonya ameua sine, ya mwenzake na yake.

"Teatre haiwezi kuwa na refa na jezi"

Inaweza, na iko. Mwaka 1977 Montréal, Robert Gravel na Yvon Leduc balichukua mechi ya hoki ya barafu yote nzima bakaivalisha teatre: uwanja mudogo yenye ubao pembeni, ekipe mbili za batu sita, jezi na nambari, kochi, refa na filimbi. Refa anavuta karti, anasoma kichwa ya habari, batu wangapi, dakika ngapi, ekipe zinapewa sekunde 20 za kunong'onezana, kisha kazi inaanza bila maandishi yoyote. Mwishoni publiki inanyanyua karti ya rangi, na pointi inaandikwa. Ile muchezo ikaenea dunia yote ya Kifaransa. Mwaka ule ule 1977, upande mwingine wa Kanada, kule Calgary, Keith Johnstone alianzisha yake, na yeye hakutoa wazo ku hoki, alitoa ku mieleka, ile catch yenye sisi Bakongomani tunaijua muzuri na mizimu yake na dawa zake.

Lakini soma makosa yenye refa anaadhibu ku ile mechi ya Montréal, pale njo utacheka. Kuna kosa ya kuleta mambo yenye kila mutu ameshachoka nayo. Kuna kosa ya kutafuta kicheko kwa nguvu huku habari inakufa. Na kuna kosa ya kukataa ao kuvunja kitu yenye mwenzako wa ekipe ingine ameleta. Yaani ukija na maneno "miye ni daktari" na mutu wa ekipe ingine anajibu "hapana, weye ni mulevi tu", filimbi! Ku sine zenye ekipe mbili zinacheza pamoja, zinapashwa kujenga habari moja. Sijui mchezo ingine yenye inakupa adhabu juu umemuzuia adui. Balijenga uwanja, balivaa jezi, baliweka pointi, na bado sheria ikabakia ile ile: usimuzuie.

"Oscar njo Kombe ya Dunia ya ba akteri"

Ku Kombe ya Dunia batu bote banapiga mupira moja ku uwanja ya kipimo kimoja. Ku Oscar moja amecheza mufalme, mwingine mulevi, mwingine mama mwenye amefiwa na mutoto, hawakukutana hata siku moja, kisha bamemba ya akademi ya filme banapiga kura. Mwaka 1932 Fredric March alimupita Wallace Beery kwa kura moja tu, na sheria ya ule wakati ikahesabu ile ni sare, bote mbili bakapewa. 1969 Katharine Hepburn na Barbra Streisand, sare tena. 1971 George C. Scott akashinda na akakataa. Jaribu kukataa bao yenye umeshafunga.

Mimi napendelea mufano ya karibu. Februari 2012 ku festivali ya filme ya Berlin, Rachel Mwanza, musichana ya Kinshasa mwenye alikuwa ameishi ku barabara, hakuwa akteri ya kazi, alichukua Dubu ya Fedha ya akteri mwanamuke bora kwa filme ya Mukanada Kim Nguyen. Tafuta golikipa ao mukimbiaji mwenye alipita kutoka barabara mpaka fainali ya dunia na ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Utatafuta sana. Na alishinda nani ule usiku? Hakuna mutu alianguka, hakuna mutu alifungwa, bale bengine filme zao zilibaki vile zilivyokuwa asubuhi. Kuanzia 2021 Berlin ikaondoa hata ile kugawa zawadi ya wanaume na ya wanawake, kitu yenye ku mbio za mita 100 haiwezekani.

Kuna na benye banasema Olimpiki haijawahi kuingiza sanaa. Iliingiza, kutoka 1912 mpaka 1948: usanifu wa majengo, uandishi, muziki, uchoraji, uchongaji, na medali za kweli. Coubertin mwenyewe, baba ya Olimpiki ya sasa, alishinda zahabu ya uandishi 1912 kwa jina ya kujificha. Kuigiza hawakuiweka.

"Bacheza mupira habaigizake, bao ni kweli tupu"

Lubumbashi njo muji ya mwisho yenye ingepashwa kusema ile. Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe inapiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya klabu za dunia, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale, na dunia nzima inakumbuka nini? Kidiaba, golikipa ya Mazembe, anaruka-ruka kwa makalio ku majani. Ile haikuwa mupira, ilikuwa namba ya jukwaa, na publiki yake ilikuwa inaingojea. (Inter ya Milan ilitufunga 3-0 ku fainali, sawa, tunajua.) Kisha Kidiaba alichaguliwa mubunge ya province ku uchaguzi ya 2018, na bunge ya province inakaa ndani ya jengo yenye ilijengwa miaka ya 1950 kuwa teatre ya muji. Kwa hiyo alifika ku teatre bila kupita masomo yake.

Ali pia, ile usiku ya 1974, alijilaza ku kamba raundi kwa raundi sawa mutu mwenye amekwisha, na Foreman akaamini. Tofauti ni kwamba mwanamichezo anaigiza ili adui adanganyike, na kama refa wa mupira akikukamata umejiangusha ni karti ya njano. Ku teatre hakuna mutu anadanganywa, publiki ililipa ikijua.

"Basi ba akteri habana mashindano"

Bako nayo, lakini haiko fasi yenye batu banaangalia. Iko ku kastingi, fasi banachagua nani atacheza, mulango imefungwa, batu arobaini kwa kazi ya mutu moja, hakuna filimbi, hakuna pointi ku ubao, na mwenye ameshindwa habamwambie juu ya nini: pengine ni sauti, pengine ni urefu, pengine mwenye kuchagua ana mupwa yake. Mucheza mupira wa akiba anavaa jezi, anakaa ku benchi, dakika ya 80 anaweza kuingia na kugeuza mechi. Teatre kubwa za ng'ambo nazo zina batu ba akiba benye banajua maneno yote na banangojea. Huku kwetu ile feza haiko, akteri mukubwa akishikwa na malaria asubuhi ya siku yenyewe, inafikaka mwenye kuongoza muchezo anavaa koti yake, yenye haimutoshi, na anaingia na karatasi mukononi.