Ngozi kuungua jua kwa sababu ya dawa si mzio

Juzi nimeisikia tena, na safari hii kwa mtu aliyesoma: "Tangu aanze dawa za kushusha kinga, amepata mzio wa jua." Hapana, hajapata mzio. Baadhi ya dawa za kushusha kinga ya mwili, wanazopewa waliopandikizwa figo au wale ambao kinga yao hushambulia mwili wenyewe, huifanya ngozi iwe nyepesi kudhuriwa na jua. Jua ni lile lile, ila ngozi inaungua mapema. Basi, maana yenyewe ndiyo hiyo.

Kinachoniudhi ni hilo neno mzio. Asili yake ni kile mtu anachojizuia kula kwa kuwa kinamdhuru. Baadaye likabebeshwa maana ya aleji, neno alilolibuni daktari Clemens von Pirquet mwaka 1906 kutokana na Kigiriki. Mzio wa namna hiyo ni kazi ya kinga iliyopita kiasi, inayompiga asiye adui. Mzio wa mwanga upo kweli, lakini huo ni ugonjwa mwingine.

Na "kinga" nayo inatupoteza. Kukinga ni kuweka kitu njiani: mkono hukinga pigo, ndoo hukinga maji ya mvua. Kwa hiyo mtu akisikia kinga imeshuka, anaona mwavuli umefungwa. Lakini kinga ya mwili haijawahi kuzuia mwale hata mmoja. Kazi hiyo ni ya melanini, rangi ya ngozi. Tazama azathioprini, mojawapo ya dawa hizo za kushusha kinga: mabaki yake hujipenyeza ndani ya vinasaba vya seli, na humo hufyonza mionzi ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) ya aina A, ambayo vinasaba vya kawaida huiacha ipite karibu yote. Matokeo yake ni kemikali kali zinazovijeruhi vinasaba hivyo. (Aina hiyo ya mionzi hupenya kioo cha dirisha, kwa hiyo kukaa ndani peke yake hakutoshi.)

Kinga inaingia baadaye, kwa mlango mwingine. Ikiwa imetulizwa, haiziwindi vizuri seli zilizoharibika, ndiyo maana saratani ya ngozi huwaandama waliopandikizwa viungo kuliko watu wengine. Hiyo huja baada ya miaka, hata kwa asiyekumbuka kuungua.

Aliyeambiwa ana mzio hutafuta vidonge vya mzio na kuisahau kofia, nguo ya mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua. Mwingine huacha dawa bila kumuuliza daktari, na figo iliyopandikizwa inaweza kukataliwa na mwili.

Kwa hiyo mtu akiniambia tena kuwa ana "mzio wa jua", nitamwomba tu aseme "tangu nianze dawa hii, naungua jua upesi". Ni maneno mengi zaidi, najua, lakini daktari akiyasikia ataanza kwa kuuliza ni dawa gani.