Bondia wa ridhaa hana mkanda, ana mzani

Kila nikipita Majengo hapa Dodoma na dogo wangu wa mazoezi lazima atokee mtu aulize, "kocha, huyu ana mkanda gani?" Nishachoka kueleza njiani, leo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma linki.

Ridhaa, yani ngumi zisizo za kulipwa, haina mkanda wa ubingwa jamani. Hakuna promota wala raundi kumi na mbili wala kukaa miezi sita unamvizia mtu mmoja. Kuna mashindano, raundi tatu za dakika tatu tatu, ukishinda unarudi kesho au keshokutwa kwa mwingine, ukipoteza unafunga begi. Kwa hiyo ukitaka kujua bondia wa ridhaa ni mkali kiasi gani usihesabu ameshinda mara ngapi, uliza alifika hatua gani na njiani alikutana na nani.

Mchukulie Mtanzania mwenzetu Titus Simba. 1970 kule Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola, alichukua fedha uzito wa kati. Watu wanasoma "fedha" wanapita zao. Sasa aliyemfunga fainali ni John Conteh wa Uingereza, ambaye 1974 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBC, moja ya mashirika ya ngumi za kulipwa, hebu ipime tena hiyo fedha. Michael Yombayomba akabeba dhahabu kabisa Kuala Lumpur 1998, uzani wa bantam, alafu 2022 Birmingham Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakarudi na shaba, kila mtu yake. Na shaba ya ngumi nayo ina mambo yake, huwa hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu, wote wawili waliopoteza nusu fainali wanapewa. Maana yake pambano zito kuliko yote ni robo fainali. Ukishinda pale medali unayo hata kesho yake upigwe, ukipoteza unarudi mikono mitupu, na droo inaweza kukukutanisha na mbabe siku ya kwanza kabisa wakati mwenzako anavuka raundi hiyo bila kupigana.

Ila kinachomaliza vijana wetu zaidi ni mzani.

Bondia wa kulipwa anapima jana yake, anakunywa, anakula, analala, kesho anapanda ulingoni na kilo kadhaa juu. Huku kwetu unapima asubuhi ya siku ya kwanza na tena kila asubuhi ya siku unayopigana, daktari anakukagua, alafu siku hiyohiyo unapigana. Kwa hiyo ile tabia ya kukausha maji haifai kabisa, yani vijana wanavaa jaketi na ndani wamejifunga nailoni wanakimbia na jua la Dodoma la saa saba, hewa yenyewe kavu jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anadhani hajatoka jasho anaongeza mzunguko mwingine. Anafikisha uzito kweli, jioni miguu haipo. Na hata akishinda, siku ya pambano linalofuata ni kazi ileile upya. Nilikuwa na bondia mmoja, mashindano ya ndani tu haya, asubuhi ya pambano la pili alizidi gramu mia tatu. Jana yake usiku alikunywa soda mbili za kushangilia. Mpinzani akapewa ushindi bila kutoa jasho, na sisi tukala nauli.

Tangu hapo dogo wangu nataka aishi karibu na uzito wake mwaka mzima. Yeye anapigana kilo 63.5, ambayo ni moja ya uzani saba wa wanaume zilizotumika Paris 2024, hivyo akigusa 66 tu simwachi alale. Ugali wa mtama na mlenda anakula vizuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni mnada wa Msalato, ile nyama ya Jumamosi imeniharibia program nyingi kuliko malaria.

Majaji nao niseme kidogo. Wanakaa watano kuzunguka ulingo, kila raundi mshindi anapewa 10 na mwenzie 9 au pungufu, kwa hiyo ukilala raundi ya kwanza ushakuwa kwenye deni na zimebaki dakika sita. Kumwangusha mtu hakukupi pointi ya ziada moja kwa moja kama kwenye kulipwa, hapa vijana wanaokulia kuangalia kulipwa ndo wanapotea, anatafuta ngumi moja kubwa huku mwenzake anaokota ndogondogo safi. Na malalamiko ya majaji hayakuanza jana, Olimpiki ya Seoul 1988 Mmarekani Roy Jones Jr alinyimwa dhahabu kwa majaji watatu dhidi ya wawili mbele ya dunia nzima, Barcelona 1992 wakaleta kompyuta ya kuhesabia pointi, baadae nayo ikaachwa.

Kuhusu Los Angeles 2028, maana nalo naulizwa sana: ngumi zipo, Kamati ya Olimpiki ilipitisha Machi 2025. Sasa dogo ana miaka 17, na Olimpiki umri unaanzia 19, muda anao.

Leo asubuhi alikuwa 65.2. Tunapimia kwa muuza mchele pale Sabasaba, mzani wake haudanganyi, na kesho kabla hajafungua duka tutakuwa mlangoni.