Sampuli ya hati za shehena za reli Marekani: yasemwayo na yaliyo kweli

Kila mzigo unaosafiri kwenye reli za Marekani una hati yake, siku hizi ya kielektroniki. Humo mna aina ya mzigo, uzito, idadi ya mabehewa, stesheni ulikopakiwa, stesheni utakakoshushwa, reli zitakazoupokea njiani na nauli. Kutoka katika mlima huo wa hati serikali ya shirikisho huchukua sampuli kila mwaka. Sampuli iko chini ya Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, chombo cha shirikisho kinachosimamia reli, ambacho wengi hukiita STB, lakini kazi yenyewe ya kuikusanya na kuichakata hufanywa na mkandarasi. Hapo ndipo huzaliwa maneno mengi yasiyo sahihi. Nayaona ni maneno yenye madhara, kwa sababu wenye maghala ya ngano Montana au wenye viwanda vya kemikali Louisiana wanapolalamika kwamba wanatozwa nauli ya kuumiza, sehemu kubwa ya ushahidi unaopimwa hutoka katika sampuli hiyo.

"Ni asilimia moja tu ya mizigo, itatuambia nini?"

Dhana hii haikutoka hewani. Tume ya Biashara baina ya Majimbo, iliyoundwa mwaka 1887, ilipoanza kuchukua sampuli ya hati mwaka 1946, ilichukua kweli asilimia 1. Tume hiyo ilivunjwa mwishoni mwa 1995, na Bodi ikarithi kazi yake Januari 1996. Lakini mpango wa sampuli ulikuwa umekwisha kubadilika kabla ya hapo. Leo hati hugawanywa kwa matabaka kulingana na idadi ya mabehewa yaliyoandikwa kwenye hati moja. Hati ya treni nzima ya makaa ya mawe, yenye mabehewa zaidi ya 100, ina nafasi 1 kati ya 2 ya kuchukuliwa. Yenye mabehewa 61 hadi 100, nafasi 1 kati ya 3. Yenye 16 hadi 60, nafasi 1 kati ya 4.

Walioumia kwa miaka mingi ni wadogo. Hadi mwisho wa 2020, hati ya behewa moja au mawili ilikuwa na nafasi 1 kati ya 40. Chukua stesheni inayotoa hati 30 za behewa mojamoja kwa mwaka: kwa kiwango hicho, kwa wastani haifikishi hata hati moja kwenye sampuli. Mtafiti akitazama ramani anaweza kudhani hapo hapana biashara. Kuanzia Januari 2021 Bodi ilipandisha kiwango cha hati ndogo, zisizo za kontena, kuwa 1 kati ya 5, na stesheni ileile sasa hutarajiwa kuleta hati 6. Kontena na trela zinazopandishwa kwenye mabehewa zilitengewa matabaka yao. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote katika sampuli hii kwa muda mrefu, ingawa ni wachache walioyazungumzia.

Kutokana na viwango hivyo huja kosa jingine: mtu kuhesabu mistari. Kila rekodi ina uzito wake wa kukuzia. Rekodi ya kiwango cha 1 kati ya 40 husimama kwa hati 40, ya 1 kati ya 2 husimama kwa mbili. Anayehesabu mistari bila kuzidisha hupata nchi ambayo haipo, iliyojaa treni ndefu za makaa na nafaka.

"Kampuni inayokusanya ndiyo yenye takwimu"

Sivyo. Wajibu wa kuwasilisha hati umewekwa na kanuni za shirikisho juu ya kampuni za reli zenyewe: reli iliyofikisha mwisho wa safari mabehewa 4,500 au zaidi yenye kulipiwa katika mwaka mmojawapo kati ya mitatu iliyopita, au asilimia 5 au zaidi ya shehena inayoishia katika jimbo fulani. Viwango vya sampuli ni vya Bodi. Masharti ya nani aone nini ni ya Bodi. Mkandarasi ni mikono: hupokea, hukagua, hupanga, hukabidhi. Reli ikikataa kuwasilisha, kosa ni dhidi ya kanuni, si dhidi ya mkandarasi.

Jambo hili huonekana dogo hadi siku kandarasi inapokwisha. Kwa kawaida, kandarasi za huduma za serikali ya shirikisho huwa na mwaka wa msingi na miaka ya hiari ambayo serikali inaweza kuongeza au kuiacha. Ikiwa hati ya kazi haikueleza wazi kwamba mafaili, programu za ukaguzi na maelezo ya kila safu vinakabidhiwa serikalini, mwenye kazi mpya ataanzia kwenye giza. Ndiyo maana mtu makini anayesoma kandarasi ya takwimu huanza na kifungu cha makabidhiano, bei baadaye. Na mifumo ya mkandarasi inayohifadhi taarifa kwa niaba ya serikali hufungwa na sheria ya usalama wa mifumo ya taarifa ya shirikisho, kana kwamba kompyuta hizo zimo ndani ya ofisi ya Bodi.

"Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere"

Hii ndiyo shutuma kubwa, nayo inastahili kujibiwa kwa uzito. Kwa miaka mingi kazi imekuwa ikifanywa na Railinc, kampuni yenye makao Cary, North Carolina. Railinc inamilikiwa na Chama cha Reli za Marekani, AAR, ambacho wanachama wake ni pamoja na zile reli kubwa zinazoshitakiwa na wenye mizigo. Mtu akisikia hivyo huhitimisha kwamba takwimu zimepikwa.

Kwanza, sababu ya Railinc kuwa hapo. Kampuni hiyo huendesha mitambo ambayo reli zote za Amerika Kaskazini huitegemea kila siku: daftari la mabehewa linaloitwa Umler, ujumbe wa behewa liko wapi, na mfumo wa reli kugawana mapato ya mzigo uliopita kwenye njia za reli zaidi ya moja. Hati zinapita mlangoni kwake hata kama serikali isingekuwepo. Mgeni angelazimika kujenga mabomba mapya hadi kwa kila reli.

Pili, udanganyifu wa jumla ungeonekana. Reli za daraja la kwanza, yaani zile kubwa kabisa kwa mapato, ambazo zimebaki sita tangu Canadian Pacific na Kansas City Southern ziungane Aprili 2023, huwasilisha pia kwa Bodi taarifa za robo mwaka za bidhaa zilizobebwa, na hizo si sampuli bali ni shehena yote. Ukikuza sampuli na kuilinganisha na jumla hizo kwa kila bidhaa, pengo kubwa haliwezi kujificha.

Hata hivyo sisemi wasiwasi huu ni upuuzi. Kulinganisha jumla hukamata uongo mkubwa. Hakukamati kosa la mara kwa mara kwenye njia moja au bidhaa moja isiyo na wingi. Wenye mizigo wana haki ya kudai kwamba Bodi iwe na watu wake wanaoweza kusoma rekodi mojamoja, kurudia ukaguzi wa mkandarasi na kumrudishia kazi mbovu. Pasipo wataalamu hao ndani ya nyumba, kandarasi iandikwe vizuri namna gani, serikali itapokea tu inacholetewa.

"Basi iwe zabuni, mwenye bei ya chini apewe"

Ushindani wazi ndiyo kawaida katika ununuzi wa shirikisho, na kanuni zake zinaruhusu kutoka nje ya kawaida hiyo pale ambapo mtoa huduma mmoja tu ndiye anayeweza kukidhi hitaji. Lakini ofisi haijiamulii tu moyoni: huandika sababu, na mara nyingi hutangulia kutangaza kuuliza nani mwingine yuko sokoni. Wala panapokuwa na ushindani, bei ya chini si lazima ishinde. Serikali inaweza kupima ubora, uzoefu na bei kwa pamoja, na katika takwimu ambazo zitatumika mbele ya majaji, sioni sababu ya bei kutangulia.

"Kuchakata ni kunakili tu"

Laiti. Fikiria behewa la mbao linalotoka Oregon kwenda Georgia. Reli za magharibi na za mashariki ni kampuni tofauti, kwa hiyo mzigo hubadilishana mikono, tuseme Chicago. Zikikubaliana nauli moja, hati ni moja: Oregon hadi Georgia. Lakini upo utaratibu wa uhasibu, maarufu kama Kanuni ya 11, ambao kila reli humtoza mteja sehemu yake peke yake. Hapo hati zinakuwa mbili: moja inasema mbao zimeishia Chicago, nyingine inasema mbao zimeanzia Chicago. Asiyejua ataona Chicago inakula mbao nyingi ajabu na pia inazalisha mbao bila msitu, na tani zilezile zitakuwa zimehesabiwa mara mbili. Mchakataji mwenye ujuzi hutafuta dalili za safari iliyokatwa na kuziwekea alama. Hawezi kuziunganisha zote, kwa kuwa sampuli inaweza kuchukua nusu moja ya safari na kuiacha nyingine.

Kuna pia kontena. Bidhaa zote hupewa namba za msimbo, makaa ya mawe yakianza na 11 na mazao ya shambani na 01. Kontena nyingi, hata hivyo, huandikwa 46, yaani mchanganyiko wa mizigo mbalimbali, kwa sababu reli inauza nafasi tu na haijali ndani mna viatu au televisheni. Hakuna ukaguzi utakaotoa jibu ambalo halikuandikwa.

Kisha kila rekodi huongezewa makadirio ya gharama kutoka mfumo wa ukokotoaji ambao serikali imeutumia tangu 1989. Makadirio hayo yana uzito wa kisheria: nauli isipozidi asilimia 180 ya gharama inayobadilika, yaani ile inayopanda na kushuka kulingana na mizigo inayobebwa, Bodi haina mamlaka ya kuichunguza kama ni kubwa mno. Uzito wa behewa au umbali ukikosewa katika rekodi, kiwango hicho kinaweza kuvukwa au kukosekana.

"Nauli iliyoandikwa ndiyo iliyolipwa"

Tangu Sheria ya Staggers, iliyolegeza udhibiti wa serikali juu ya reli na kutiwa saini na Rais Jimmy Carter Oktoba 1980, reli na wateja wanaweza kufunga mikataba ya siri. Mapato ya mizigo ya mikataba hiyo hufunikwa: reli huzidisha nauli halisi kwa vigawo inavyovijua yenyewe, na vigawo hivyo hupewa Bodi ili iweze kufunua pale inapohitaji. Namba unayoiona, kwa hiyo, inaweza kuwa mbali na fedha iliyotoka mfukoni. Nimesoma makala kadhaa zilizojenga hoja nzima juu ya nauli iliyofunikwa kana kwamba ni ya kweli, na huwa inanisikitisha, maana mara nyingi hoja yenyewe ilikuwa ya haki na ingeweza kusimama kwa ushahidi mwingine.

"Ni siri, raia hawezi kuigusa"

Faili kamili ni siri kweli, na sababu inaeleweka. Hata jina la mteja lisipoonekana, stesheni yenye kiwanda kimoja humtaja mwenyewe. Mashirika ya shirikisho, majimbo na wahusika wa mashauri huomba ruhusa na kutia saini makubaliano ya usiri. Lakini lipo faili la umma, bure, kwenye tovuti ya Bodi. Humo stesheni zimefichwa ndani ya maeneo makubwa ya kiuchumi, na hata eneo hufutwa pasipokuwa na angalau stesheni tatu. Bidhaa zimekatwa kufikia tarakimu tano za msimbo. Rekodi moja ni mstari wa herufi 247 zisizo na mkato wala nafasi za kutenganisha, kwa hiyo maelezo ya safu yashushwe pamoja na faili. Safu za mabehewa, tani na nauli zilizokwisha kukuzwa zimo tayari. Za mabehewa na tani zinafaa kuanza nazo, na ile ya nauli isubiri hadi msomaji ajue ni mizigo ipi iliyo chini ya mikataba.