BJP ya Kohima si BJP ya Raipur

Kila ninapofundisha siasa za India huulizwa swali lile lile: inakuwaje BJP, chama tawala cha India kilicholelewa na utaifa wa Kihindu, kipate kura za Wakristo? Muulizaji huichukulia BJP kuwa kitu kimoja nchi nzima, na hapo ndipo anapopotea.

Kiitikadi mlango ni mwembamba. Mwaka 1923 V. D. Savarkar, mwananadharia wa utaifa huo, aliandika kwamba Mhindu ni yule ambaye India kwake ni nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Mkristo hutimiza sharti la kwanza akakwama kwenye la pili, hata kama ukoo wake ulikuwa Kerala, kusini mwa India, kabla Mreno yeyote hajatia nanga huko.

Lakini kura hupigwa jimboni. Kwa sensa ya 2011 Wakristo walikuwa asilimia 2.3 tu ya Wahindi wote, ilhali Nagaland, jimbo la kaskazini-mashariki ambalo mji mkuu wake ni Kohima, walikaribia asilimia 88. Kabla ya uchaguzi wa 2018 Baraza la Makanisa ya Kibaptisti la Nagaland liliwaonya waumini hadharani juu ya Hindutva, yaani itikadi hiyo ya utaifa wa Kihindu. Hata hivyo BJP ilisimamisha wagombea 20, ikapata viti 12 kati ya 60, ikaingia serikalini pamoja na chama cha wenyeji, NDPP. Bajeti ya jimbo lile la milimani hutegemea fedha za serikali kuu ya Delhi, na mpiga kura hutazama kwanza kabila la mgombea na barabara anayoahidi. Jirani huko Meghalaya, mwenyekiti wa BJP wa jimbo, Ernest Mawrie, alitamka wazi mwaka 2023 kwamba yeye hula nyama ya ng'ombe. Jaribu kulisema hilo kwenye jukwaa la chama hicho Uttar Pradesh, jimbo la Wahindu wengi wanaomheshimu ng'ombe kama mtakatifu!

Kerala, ambako Wakristo ni kama asilimia 18, hesabu ni nyingine. Mwigizaji Suresh Gopi alitoa taji kwa sanamu ya Bikira Maria katika kanisa kuu la Thrissur mapema mwaka 2024, na miezi michache baadaye akalinyakua jimbo hilo la uchaguzi, kiti cha kwanza cha BJP kutoka Kerala katika bunge la chini la taifa.

Kisha, Julai 2025, watawa wawili wa Kikatoliki kutoka Kerala walikamatwa katika kituo cha reli cha Durg, Chhattisgarh, jimbo ambalo mji mkuu wake ni Raipur, wanaharakati wa Bajrang Dal, kundi la siasa kali za Kihindu, wakiwatuhumu kusafirisha wasichana ili wawabadilishe dini. Waziri Kiongozi wa Chhattisgarh, mwana BJP, alitetea hatua ya kuwakamata. Mwenyekiti wa BJP wa Kerala akasema hawana hatia na akahangaikia dhamana yao.