Nazi ikiachika juu ya mnazi, una sekunde mbili tu

Hapa idara yetu ya hisabati Mombasa swali tunaloulizwa sana, na wanafunzi na hata wazazi, ni hizi kwadratiki, hesabu zenye namba iliyozidishwa kwa yenyewe, ni za nini jamani, na mimi huwa sianzi na kitabu, huwaambia waangalie mnazi mrefu, wa mita 20 hivi, mkwezi yuko juu aangusha madafu na watoto wako chini wangoja. Kwa nini mkwezi hupiga kelele watu watoke?

Tuseme nazi imeachika kwenye mita 19.6. Mvutano wa dunia waiongezea kasi ya mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Sekunde ya kwanza imeanza na sufuri ikamaliza na 9.8, wastani wake nusu, 4.9, yaani kwa sekunde hiyo moja imeshuka mita 4.9, na hapo ndio ile 4.9 mnayoiona kwenye fomula ya kuanguka, 4.9t², t ikiwa ni muda kwa sekunde, inatoka, haikuokotwa tu. Sekunde ya pili imeanza na 9.8 ikamaliza na 19.6, wastani 14.7. Jumlisha 4.9 na 14.7 wapata 19.6, nazi ishafika chini! Sekunde mbili basi, na inapogonga iko na mbio za kilomita kama 70 kwa saa, wakati gari ndani ya mji mwisho wake ni 50. Mtoto utamuita jina na hajageuka bado.

Na angalia, 14.7 ni 4.9 mara tatu, sekunde ya tatu ingekuwa mara tano. Mpangilio huu wa 1, 3, 5 Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliueleza kwenye kitabu chake cha 1638, na ukizijumlisha moja baada ya nyingine wapata 1, 4, 9, yaani muda mara muda, sasa hiyo ndiyo kwadratiki yenyewe.

Haya, sasa turushe. Kijana yuko juu ya paa la ghorofa, mita 19.6 vilevile, arusha mpira juu wima kwa kasi ya mita 14.7 kwa sekunde. Urefu wa mpira kutoka chini ni:

h = 19.6 + 14.7t − 4.9t²

Isome kipande kipande kama habari. 19.6 ni pale alipoanzia, 14.7t ni vile mpira ungeendelea kupanda kama hakuna kinachouvuta, na −4.9t² ni kile mvutano unachounyang'anya mpira. Kasi yapungua 9.8 kila sekunde, kwa hivyo 14.7 yaisha baada ya sekunde 1.5, hapo ndio kilele, karibu mita 30.6. Kujua lini utafika chini weka h iwe sufuri, wapata t ni 4 au −1, na wengi hiyo −1 huifuta haraka haraka bila kufikiri, mimi hupenda tusimame hapo kidogo, kwa sababu yasema kwamba mtu angekuwa chini akaurusha mpira sekunde moja kabla, kwa kasi inayofaa, ungepita pale paani kwa 14.7 ile ile na mengine yote yangekuwa sawa. Kasi yenyewe ni 24.5, na mpira ukianguka wafika chini na hiyo hiyo, kama kilomita 88 kwa saa. Kwa hivyo vijana, kitu ulichokirusha juu kutoka ghorofani chamfikia mtu wa chini na mbio zaidi kuliko ulichokiachia tu.

Kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni mwanafunzi kudhani ile grafu iliyopinda ndiyo njia ya mpira. La! Mpira umepanda wima ukashuka wima, kilichopinda ni urefu ukiuchora na muda.

Ukitaka kujaribu, nenda uwanjani, rusha mpira mdogo mzito juu wima, mwenzako ashike saa ya simu mpaka uudake pale pale mkononi. Gawa muda huo kwa mbili, uzidishe kwa wenyewe, kisha mara 4.9. Ukikaa sekunde 2 umepanda mita 4.9, ukikaa 3 umepanda kama mita 11. Usitumie ule mpira mwepesi wa plastiki wa watoto wa bichi, huo upepo waushika na hesabu haitakubali, na tiara ndio kabisa, hiyo yaishi kwa upepo.