Fonti ya mwandiko wa kalamu: tazama maungio kabla ya mikia

Fonti za mwandiko wa kalamu hutangazwa kwa herufi kubwa zenye mikia mirefu. Mimi nikipata moja huanza kukagua pale herufi ndogo zinaposhikana. Mstari unaotoka kwenye “n” lazima uingie kwenye “a” bila kukatika, na unene wake usibadilike ghafla pale herufi zinapokutana. Andika “tunawakaribisha” kwa ukubwa wa kujaza skrini, kisha fuata ule mstari mwembamba kutoka “t” hadi “a” ya mwisho. Kasoro ikiwepo, haijifichi.

Neno hilo lina “a” nne. Mtu akiliandika kwa mkono, hazitafanana. Kompyuta ikizitoa zote sawasawa, jicho hustuka hata kama mwenyewe hajui kwa nini. Ndiyo maana fonti nzuri ya aina hii hubeba sura kadhaa za herufi ile ile. Fonti ya Zapfino ya mbunifu Hermann Zapf, iliyotolewa na kampuni ya Linotype mwaka 1998, ilikuja na alfabeti nne. Katika toleo lililomo kwenye kompyuta za Apple, ukiandika jina “Zapfino” herufi zote saba hugeuka mchoro mmoja. Mbwembwe, ndiyo, lakini ni mbwembwe za fundi. Siku hizi kazi hiyo ya kubadilisha sura hufanywa na OpenType, mfumo wa faili za fonti: fonti huangalia herufi jirani, kisha huchagua sura inayofaa. Programu nyingine huhitaji uiwashe mwenyewe, kwa hiyo pitia mipangilio kabla ya kuilaumu fonti.

Unene na wembamba wa mistari ulitokana na kalamu yenyewe. Katika mwandiko wa mviringo wa Uingereza wa karne ya 18, nibu ya ncha kali ilitanuka ikikandamizwa: mkono ukishuka, mstari unanenepa, ukipanda, unabaki kama unywele. Mbunifu Matthew Carter aliufuata mtindo huo alipochora fonti ya Snell Roundhand miaka ya 1960 kwa mashine za kupanga herufi kwa picha. Kabla ya hapo, herufi za madini ya risasi, kila moja kwenye kipande chake, zilikuwa zimewatesa wachapaji kila walipotaka kuunganisha mwandiko uliolala.

Unywele huo ndio unaoamua ukubwa. Ishushe fonti hadi kimo cha aya za kawaida, mistari myembamba itapotea na neno litabaki vipande. Basi itumie kwa jina, kichwa cha kadi, maneno mawili matatu ya jalada. Tarehe na anwani zipewe fonti iliyotulia.

Mambo mawili siyavumilii. Neno zima kwa herufi kubwa: kila moja imechorwa iongoze, zikikaa pamoja mikia inapigana na hakuna kinachosomeka. Na kutanua nafasi kati ya herufi ili neno lijaze upana: kila ungio linakatika. Ukitaka lijae, ongeza ukubwa.

Mikia ya mwisho nayo ina ulafi wake. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na ukiiwasha kote, kila “a” na “i” itajitanua juu ya neno linalofuata. Mimi huacha mmoja tu, mwishoni mwa mstari, ambako hauna cha kugonga.