Seliaki na maumivu sugu: maswali ya nyumbani na ya safarini

Seliaki ni ugonjwa wa tumbo. Mbona mifupa na viungo vinauma?

Kwa mwenye seliaki, gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), huichokoza kinga ya mwili, nayo hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza lishe husinyaa. Mtu anakula vizuri, lakini madini ya chuma, kalsiamu, foliki asidi na vitamini D havifyonzwi inavyotakiwa. Upungufu wa vitamini D na kalsiamu hulainisha mifupa, ikauma hasa kiunoni, mapajani na kwenye mbavu. Ukikosa vitamini B12, miguu hufa ganzi au huwaka moto usiku. Damu ikipungua, uchovu hauishi hata ukilala. Zaidi ya hayo, kinga iliyovurugika inaweza yenyewe kuumiza viungo na mishipa ya fahamu.

Duniani huhesabiwa karibu mtu 1 kati ya 100 mwenye seliaki, na hurithiwa katika ukoo. Wengi hawaharishi kamwe. Wanafika hospitali na upungufu wa damu usioisha kwa vidonge, vidonda vya mdomoni, mimba kuharibika mara kwa mara, au vipele vinavyowasha sana viwikoni, magotini na matakoni.

Niache ngano kwanza nione kama nitapata nafuu?

Hapana, pima kwanza. Hili ndilo kosa linalowagharimu watu zaidi, kwa sababu kipimo cha damu (tTG-IgA, kikiambatana na kiwango cha jumla cha IgA, aina ya kingamwili) hutafuta mwitikio wa mwili kwa gluteni. Ukishaacha ngano kwa miezi, majibu yanaweza kuja safi ilhali ugonjwa unao. Aliyekwisha kuacha hushauriwa arudie kula vyakula vya ngano kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa, na afanye hivyo chini ya uangalizi wa daktari. Kwa mtu mzima, majibu ya damu kwa kawaida huthibitishwa kwa endoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa mdomoni hadi utumboni, ambapo vipande vidogo vya utumbo huchukuliwa na kuchunguzwa.

Mwambie daktari aangalie pia minyoo, giardia (kijidudu cha utumboni), VVU na kifua kikuu cha tumbo. Huku kwetu hayo ni ya kawaida kuliko seliaki, na dalili zinafanana.

Ugali, wali na ndizi havina ngano. Basi shida iko wapi Afrika Mashariki?

Kweli, tumebarikiwa. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, maharage, kunde, choroko, nyama, samaki, mayai na maziwa vyote havina gluteni kwa asili. Shida iko kwenye kusaga, kukaanga na kukoleza.

Anza na mashine ya kusaga. Mashine moja mtaani husaga mahindi ya huyu, ngano ya yule, kisha mchanganyiko wa uji wa lishe. Unga uliobaki kwenye mawe na mfuko hutoka na mzigo unaofuata. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Ikikosekana, nunua nafaka, ichambue kwa macho (mtama na ulezi wa gunia huweza kuwa na punje za ngano) na usage nyumbani. Kusaga baada ya mahindi ya watu wengine na kuwaachia wenzako kilo za mwanzo hupunguza hatari, lakini hakuiondoi. Uji wa lishe wa pakiti usome kila unapoununua, maana wengi hutia ngano.

Halafu mafuta. Chipsi ni viazi tu, lakini zikikaangwa kwenye karai lililopika sambusa na maandazi, zimechafuka. Moto hauui gluteni. Si kijidudu, ni protini. Samaki wa hotelini huenda amepakwa unga kabla ya kukaangwa. Bajia ni za dengu au kunde, lakini wengine huongeza ngano zishikane. Vitumbua ni vya mchele, ila kuna wanaochanganya. Mchuzi mzito, soseji, soya sosi na viungo vya pakiti, uliza au soma.

Pwani, jihadhari na boko boko, ambayo ni ngano yenyewe iliyopondwa na nyama, na urojo, ambao uzito wake hutoka kwenye unga. Kwenye mkahawa wa Kihabeshi, injera ya tefu tupu ni salama, lakini nyingi huchanganywa shayiri au ngano. Bia za kawaida hutengenezwa kwa shayiri, na hata iliyoandikwa ya mtama inaweza kuwa na kimea cha shayiri ndani.

Kidogo tu kinadhuru kweli?

Ndiyo. Wengi huvumilia hadi miligramu 10 za gluteni kwa siku, na miligramu 50 kila siku huharibu utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2, yaani miligramu 2,000. Makombo yaliyobaki kwenye siagi yanatosha. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoandikwa “hakina gluteni” ni kisichozidi miligramu 20 kwa kila kilo.

Jikoni, vitu vitatu visishirikiwe: chekecheo, mwiko wa mbao na ubao wa kusukumia chapati, kwa kuwa unga hujificha kwenye matundu na nyufa. Sufuria ya chuma au ya aluminiamu ikisuguliwa kwa sabuni na maji inatosha. Siku ya chapati, pika chakula chako kwanza, ukifunike na kukiweka mbali, maana unga hupaa na kutua.

Nimeacha ngano miezi sita na bado naumwa. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua mwaka, miaka miwili, hata zaidi kupona, na mishipa ya fahamu iliyoumia hupona polepole kuliko utumbo. Rudia tTG kwenye mwezi wa 6 na wa 12. Isiposhuka, gluteni inaingia mahali fulani, na mashine ya kusaga ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ikishuka na maumivu yakabaki, tafuta chanzo kingine: pima damu, feritini (akiba ya chuma mwilini), B12, foliki asidi, vitamini D, kalsiamu na tezi ya shingo. Vidonge vya chuma visinywewe na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Acha saa moja kabla na mbili baada. Kwa kalsiamu, dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ni chakula bora, na bei yake inafikika.

Maumivu yaliyozidi miezi 3 huitwa sugu. Kwa wakati huo mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kupiga kengele hata chanzo kikipungua. Maumivu hayo ni ya kweli, na anayeambiwa anajisingizia ameonewa. Yanatulizwa kwa kugawa kazi kwa saa: fanya dakika 20, pumzika 10, hata kama unajisikia vizuri. Anayefua nguo zote siku ya nafuu hulala siku mbili zinazofuata. Tembea kila siku, anza na dakika 5 hadi 10, ongeza kidogo kila wiki.

Dawa gani za maumivu ni salama?

Kwa mtu mzima mwenye ini zima, parasetamoli ya mg 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au mnywaji wa pombe apunguze kwa ushauri wa daktari. Angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani.

Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kama pipi, na hapa tunasema kwa uchungu: kuzimeza kila siku hutoboa vidonda tumboni na kuchosha figo. Kidonda kikivuja damu taratibu, upungufu wa damu unaendelea huku mgonjwa akilaumu chakula. Usizichanganye zote mbili kamwe. Kwa maumivu ya kuwaka na kuchoma, daktari anaweza kuandika amitriptilini ya mg 10 hadi 25 usiku. Huleta usingizi, ukavu wa mdomo na choo kigumu.

Vidonge vingi hushikanishwa kwa wanga wa mahindi, vichache kwa wa ngano. Mwombe mfamasia asome karatasi ya ndani.

Nasafiri kwa basi siku nzima. Nijipange vipi?

Chagua kiti cha katikati ya basi. Nyuma ya tairi la mwisho ndiko matuta yanakorusha zaidi. Kunja khanga uiweke kwenye kiuno. Zungusha vifundo vya miguu mara kwa mara, shuka kila kituo utembee. Dawa meza kwa saa yake, usingoje maumivu yapande.

Chakula beba cha mlo mmoja zaidi ya safari, maana basi huharibika. Njiani amini chenye ganda lake: yai la kuchemsha, ndizi, chungwa, karanga za maganda, dafu. Nyama choma ni nzuri ikiwa ya chumvi tupu na ikikatwa kwa kisu na ubao uliooshwa. Usimuulize muuzaji kuhusu gluteni. Uliza: “Mmetia unga wa ngano? Mafuta haya yamekaanga nini?”

Nikifika, wenyeji wamepika kwa heshima yangu. Nikatae vipi?

Piga simu kabla ya siku, usingoje sinia limewekwa. Kwa mfano: “Shikamoo mama. Nakuja Ijumaa. Daktari amenikataza ngano kabisa, hata chembe, inanichana utumbo. Wali na mchuzi wa nazi vinanitosha, naomba usitie unga wala kiungo cha pakiti.” Kutaja unachokula humpa mwenyeji kazi ya kufanya, naye hufurahi. Omba upakue wa kwanza, kabla chapati haijachovywa bakulini.

Na kwa ndege, hasa Ghuba?

Agiza mlo wenye alama GFML, yaani usio na gluteni, siku 2 au zaidi kabla, na ubebe akiba, kwani milo hupotea. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha dawa na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa. Dawa za maumivu kama tramadoli, kodeini na pregabalini zimedhibitiwa Falme za Kiarabu: omba kibali mtandaoni kabla ya kusafiri. Ukizibeba bila kibali unaweza kukamatwa. Chukua kadi iliyoandikwa kwa Kiarabu kwamba huli ngano wala shayiri, na ukiona harisi Oman, ndiyo ile boko boko.

Mimi ni Mkatoliki. Hostia je?

Hostia, mkate wa komunyo, ni ngano. Kanisa Katoliki, kama ilivyokumbushwa na barua ya Roma ya mwaka 2017, halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, ila linakubali yenye gluteni kidogo sana. Unaweza pia kupokea divai peke yake, kutoka kikombe ambacho hakijatiwa kipande cha hostia. Zungumza na paroko kabla ya misa.

Nimekula ngano kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Hakuna dawa ya kuiondoa, na usijitapishe. Kunywa maji, na ukiharisha, ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini): pakiti nzima kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Chupa ya maji moto tumboni husaidia, diklofenaki inaongeza madhara. Dalili huweza kudumu saa chache hadi siku kadhaa, na maumivu ya viungo yakapanda pia, kwa hiyo punguza kazi za wiki hiyo. Kosa moja halifuti miezi ya uangalifu. Nenda hospitali mara moja ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, homa, tumbo kuwa gumu, au mkojo kukauka.